Mbwa Mwenye Choa: Dawa Hadi Mwisho

Leo nazungumza na kina mama, nyanya, wasaidizi wa nyumbani na walezi wote mlioko Parklands, kuanzia Highridge hadi upande wa City Park na Limuru Road. Katika mtaa wetu nyumba nyingi zina mbwa. Wengine ni walinzi wa lango, wengine hulala sebuleni na kucheza na watoto juu ya zulia. Mbwa huyo akianza kunyonyoka manyoya, mama hujiuliza kwanza kuhusu watoto: je, ugonjwa huu utawapata?

Mama anayeuliza hivyo ana haki, na leo tutamjibu. Mada yetu ni choa cha mbwa, hasa kile kikali kinachoenea mwilini na kuhitaji dawa ya kumeza kwa wiki nyingi. Tutaeleza namna ya kumtunza mbwa katika muda huo wote, na namna ya kuwakinga watu wa nyumbani.

Ukisahau mengine yote, mama, shika hili moja: manyoya yakianza kuota si dalili kwamba ugonjwa umekwisha. Watu wengi huacha dawa hapo, na ugonjwa hurudi kwa mbwa, kisha kwa watoto.

Choa ni ugonjwa gani?

Choa huletwa na kuvu, yaani fangasi. Kwa Kiingereza ugonjwa huu una jina linalotaja mnyoo, na ndiyo sababu wengine hukimbilia kununua dawa ya minyoo. Hakuna mnyoo hapa. Kuvu hii hula sehemu ngumu ya ngozi, nywele na kucha. Inayowapata mbwa na paka zaidi huitwa Microsporum canis, na huweza kumwingia binadamu pia. Kichwani mwa mtoto tunauita ugonjwa huu mapunye. Mwilini wengi wetu tunauita mashilingi, kwa sababu alama yake ni ya mviringo kama sarafu.

Kwa mbwa utaona mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, mara nyingi usoni, masikioni na miguuni. Ngozi hutoa magamba kama mba, na manyoya ya pembeni hukatika. Wengine hujikuna, wengine hawajikuni kabisa. Watoto wa mbwa, mbwa wazee, na mbwa waliodhoofishwa na ugonjwa mwingine hupatwa vibaya zaidi. Ikiwa nyumbani kuna paka, naye achunguzwe, hata kama ngozi yake inaonekana safi. Paka anaweza kubeba kuvu hii bila kuonyesha alama yoyote.

Ugonjwa huenea kwa kugusana, na pia kwa manyoya na magamba yanayoanguka kwenye zulia, kochi, kitanda cha mbwa, brashi na viti vya gari. Manyoya hayo hubeba mbegu ndogo za kuvu zisizoonekana kwa macho. Kwa kawaida alama hutokea wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa.

Usikisie, mpeleke apimwe

Si kila mbwa anayenyonyoka ana choa. Kuna upele unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozini, kuna vidonda vya bakteria, na kuna mzio wa viroboto au chakula. Yote haya yanaweza kufanana machoni pako, lakini dawa zake ni tofauti. Kwa hiyo mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Hapa Parklands na Westlands wako madaktari wa binafsi. Pia Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha udaktari wa mifugo huko Kabete, safari fupi kwa barabara ya Waiyaki Way.

Daktari anaweza kuwasha taa maalumu katika chumba chenye giza. Nywele nyingine zenye Microsporum canis hung'aa rangi ya kijani chini ya taa hiyo. Zikikosa kung'aa, bado haina maana kwamba mbwa ni mzima. Daktari atang'oa nywele chache azitazame kwa hadubini, na huenda akapeleka nyingine maabara ili kuvu ioteshwe. Jibu la kuotesha linaweza kuchukua wiki 2 au 3. Uwe na subira, na umwulize daktari ufanye nini wakati unangoja.

Katika kungoja huko, majirani watakuja na ushauri. Mmoja atakuambia umpake mbwa oili chafu ya gari, mwingine mafuta ya taa, mwingine maji ya betri. Tafadhali usifanye hivyo. Vitu hivi huchoma ngozi, na mbwa akijilamba vinamwingia tumboni na vinaweza kumwua. Vilevile usimpake krimu zenye steroidi zinazouzwa kwa ajili ya kulainisha au kung'arisha ngozi. Wekundu utapungua, utafikiri amepona, na kumbe kuvu inaendelea kuenea chini kwa chini. Onyo hili la steroidi ni kwa mbwa na kwa mtoto pia.

Dawa ya kumeza

Choa kilichoenea mwilini kwa kawaida hutibiwa kwa njia mbili pamoja: dawa ya kumeza, na dawa ya kuogesha. Za kumeza anazoweza kuandika daktari ni itrakonazoli, terbinafini au griseofulvini. Dozi hupimwa kwa uzito wa mbwa, kwa hiyo usikate tembe uliyobakiza nyumbani ukampa kwa kukadiria. Kama huna mizani kubwa, panda kwenye mizani ya kawaida ukiwa umembeba mbwa, kisha ujipime peke yako, utoe tofauti. Mbwa mkubwa usiyeweza kumbeba atapimwa kliniki.

Uliza daktari kama dawa inatolewa pamoja na chakula. Griseofulvini, kwa mfano, huingia mwilini vizuri ikiambatana na chakula chenye mafuta. Wengi hapa huwapa mbwa ugali na matumbo. Chukua kipande cha ini au nyama, uifiche tembe ndani, umpe kabla hajapewa sahani yake, akiwa bado na njaa. Hakikisha amemeza. Wako mbwa wajanja wanaokula nyama na kuitema tembe nyuma ya mlango!

Dawa hizi ni kali. Mbwa akikataa chakula, akitapika, akiharisha, au ukiona ufizi na weupe wa macho umekuwa wa manjano, mpigie daktari siku hiyohiyo kabla ya kutoa dozi nyingine. Manjano ni ishara kwamba ini linalemewa. Katika matibabu marefu daktari anaweza kutaka kupima damu ili aone ini linaendeleaje.

Griseofulvini haipewi mbwa mwenye mimba, kwa sababu huharibu watoto tumboni. Mama mjamzito naye asiishike dawa hii kwa mikono mitupu. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine.

Gharama nayo tuizungumze wazi. Usimwulize daktari bei ya leo pekee. Mwulize, "Matibabu yote mpaka mwisho yatanigharimu kiasi gani?" Ukijua mapema utaweza kujipanga, na kama kuna dawa nyingine ya bei nafuu inayofaa, daktari ataitaja mwanzoni. Ni heri kulijua hilo kuliko kuishiwa katikati ya safari.

Kumwogesha

Dawa ya kumeza huua kuvu kutoka ndani, lakini mbegu zilizo juu ya manyoya hubaki zikiambukiza. Ndiyo maana mbwa huogeshwa, mara nyingi mara 2 kwa wiki, kwa shampuu yenye mikonazoli na klorheksidini au kwa maji ya chokaa na salfa yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Shampuu ikae kwenye ngozi kwa muda ulioandikwa, kwa kawaida dakika 10, ndipo isuuzwe. Maji ya chokaa na salfa yenyewe hayasuuzwi. Huachwa yakaukie mwilini. Kinga macho ya mbwa. Vaa glavu na nguo kuukuu, na kazi hii ifanywe na mtu mzima, si mtoto.

Mbwa mwenye manyoya marefu huenda akahitaji kunyolewa. Usimnyoe juu ya zulia. Tandaza magazeti, kisha uyakunje pamoja na manyoya, uyafunge kwenye mfuko kabla ya kutupa.

Tunajua baridi ya Nairobi kuanzia Juni hadi Agosti. Mwogeshe saa sita au saa saba mchana, umkaushe kwa taulo lake mwenyewe, kisha akae mahali penye jua. Usimrudishe kwenye kibanda chenye unyevu. Kama anajilamba dawa ikiwa bado mbichi, mwombe daktari kola ya plastiki ya kumvika shingoni.

Atakaa wapi?

Mweke mahali panaposafishika kwa urahisi: baraza yenye sakafu ya saruji, stoo iliyo na dirisha, au chumba kisicho na zulia. Asipande kochi wala kitanda, na watoto wasimkumbatie kwa sasa.

Lakini kumtenga si kumfunga mnyororo gizani. Mbwa aliyezoea watu akiachwa peke yake wiki nyingi hupoteza hamu ya kula, hubweka usiku kucha, na wengine huanza kuuma. Mtu mzima mmoja, awe baba, askari wa lango au wewe mwenyewe, avae koti moja la kazi hiyo, aende amwongeleshe, ampe chakula, amtembeze ndani ya ua. Baadaye anawe mikono kwa sabuni na kuliacha koti hapohapo. Waeleze watoto kwamba rafiki yao anatumia dawa na watacheza naye tena. Wanaweza kumwita jina lake kutoka mlangoni. Hilo halina madhara.

Askari na msaidizi wa nyumbani waambiwe ukweli. Si haki kumpa mtu kazi ya kumshika mbwa mgonjwa bila kumweleza, wala bila kumpa glavu na sabuni. Naye akipata alama kwenye ngozi, atibiwe mapema bila kulaumiwa.

Usafi wa nyumba

Wengine husikia habari za kuvu wakamwaga dawa kali kila mahali. Anza na manyoya. Ukiondoa manyoya na magamba umeondoa sehemu kubwa ya ugonjwa. Usifagie sakafu ikiwa kavu, kwa sababu unayarusha hewani. Yaokote kwa kitambaa chenye maji au kwa mashine ya kufyonza vumbi. Kisha safisha kwa maji na sabuni. Mwisho, kwenye sakafu ngumu, pitisha jiki iliyochanganywa na maji, kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 10 vya maji, sakafu ibaki na unyevu kwa dakika 10, halafu isuuze. Fungua madirisha, na kamwe usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia, maana mvuke wake ni sumu. Jiki haifanyi kazi juu ya uchafu, kwa hiyo usiruke hatua ya sabuni.

Matandiko ya mbwa yafuliwe peke yake, mara 2, yasuuzwe kwa maji mengi, yaanikwe juani. Brashi ya zamani na kitanda kilichochakaa ni afadhali kuvitupa. Usafi mkubwa ufanywe angalau mara 2 kwa wiki, na manyoya yaokotwe kila siku.

Watu wa nyumbani

Mtoto akipata alama, mpeleke kliniki au hospitali, na umwambie daktari kwamba nyumbani kuna mbwa anayetibiwa choa. Choa cha mwilini mara nyingi hupona kwa krimu ya kuua kuvu kama klotrimazoli. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu pekee, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya unywele. Mtoto atahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, naye pia aimalize. Mtoto mwenye mapunye asichekwe, wala asinyolewe kwa hasira. Huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unatibika.

Tuwe waangalifu tusimsingizie mbwa kila kitu. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule za msingi huko Kibera, na kuchapishwa mwaka 2009, uliona kwamba kuvu za jamii ya Trichophyton ndizo zilizoongoza. Nyingi kati ya hizo hutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto, kwa kuchangia chanuo, kofia, taulo na mashine ya kinyozi. Kwa hiyo hata nyumba isiyo na mbwa inaweza kuwa na mapunye. Acha daktari aamue.

Watu wanaohitaji uangalizi zaidi ni watoto wachanga, wazee, wanaotibiwa saratani, wanaoishi na virusi vya Ukimwi hasa kama kinga imeshuka, na wanaotumia steroidi kwa muda mrefu. Hawa wasimshike mbwa wala matandiko yake mpaka apone.

Swali jingine huulizwa mara nyingi: je, kila kuvu ya mbwa humwambukiza binadamu? Hapana. Iko kuvu inayoitwa Cryptococcus, inayopatikana sana kwenye mavi ya njiwa na kwenye udongo. Huingia kwa kuvuta pumzi, na kwa mbwa inaweza kushika pua, mapafu, macho na ubongo. Mbwa hutoka makamasi yasiyoisha, hupepesuka, huona kwa shida au hupata kifafa. Binadamu naye anaweza kuugua kwa kuvuta mbegu zilezile, lakini mbwa hampi mtu ugonjwa huu kwa kugusana. Matibabu yake huchukua miezi mingi. Ukiona dalili hizo, usingoje, mpeleke mbwa kwa daktari.

Usimtupe, na usiache katikati

Najua, mama, wiki ya nne huwa ngumu. Fedha zimetoka, mikono inanuka dawa, na jirani anasema mfungulie lango aende zake. Fikiria kwanza. Mbegu za kuvu zilizokwisha kuanguka nyumbani mwako zinaweza kukaa hai kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka mmoja na nusu zikiwa mahali pakavu. Ukimfukuza mbwa, ugonjwa umeubakiza ndani ya zulia. Yeye naye ataupeleka kwa paka na mbwa wengine mtaani, na hatakuwa na mtu wa kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Utakuwa umepoteza mlinzi na ugonjwa umebaki nao.

Wapo pia wanaoacha kwa furaha. Wiki ya tano mabaka yamefunikwa, mbwa anarukaruka, na mama anaona hakuna haja ya kununua tembe nyingine. Manyoya mapya hufunika ngozi mapema, huku mbegu zikiwa bado zimejificha kwenye nywele. Mbwa wengi huhitaji wiki 6 hadi 10, wengine zaidi. Anayesema "sasa inatosha" ni daktari, baada ya kupima manyoya tena na kuona kuvu haioti. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama kila siku ya tembe na kila siku ya kuoga, na uandike tarehe ya kipimo cha mwisho. Mwache mtoto mkubwa aweke alama hizo. Ataona siku zikipungua, naye atakukumbusha siku utakayochoka.

Kumbuka

Pima kabla ya kutibu. Toa dawa kwa kipimo cha daktari, pamoja na chakula akisema hivyo. Mwogeshe na umkaushe mchana. Okota manyoya kwanza, sabuni ifuate, jiki mwisho. Mtoto mwenye mapunye apelekwe hospitali. Mwenye mimba asiguse griseofulvini. Na manyoya yakirudi, endelea na dawa mpaka kipimo kionyeshe kwamba mbwa ni mzima.

Kama una mbwa mwenye mabaka, mtazame leo kabla giza halijaingia, usoni, nyuma ya masikio na miguuni, kisha uwatazame watoto vichwani wakati wa kuwaogesha. Ukiona alama, kesho asubuhi nenda kwa daktari.